Arobaini na kadi ya kliniki: mwongozo kwa binti aliyejifungua Tanga na kwa anayekaa naye

Mwongozo huu una wasomaji wawili. Wa kwanza ni binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza, huenda ana miaka 17, huenda 22, amerudi kwao Makorora au Pongwe alelewe mpaka arobaini itimie. Wa pili ni yule mama, bibi au shangazi anayemchemshia maji. Vipeperushi vingi vya afya huandikwa kwa ajili ya wa kwanza peke yake, ndiyo maana vinaishia kufungiwa vitumbua. Binti anatoka wodini na maneno ya muuguzi kichwani, anafika nyumbani anakuta mambo yameshaamuliwa: maji ya sukari yako kwenye kikombe, mkanda wa tumbo umeshakunjwa, na kliniki ya siku ya 7 haipo kwenye hesabu kwa sababu mzazi hatoki nje. Binti wa miaka 17 hawezi kubishana na bibi yake, na mila yetu haimtaki abishane. Kwa hiyo someni pamoja. Asiyejua kusoma asomewe, na apewe nafasi ya kuuliza.

Hatua ya 1: Kaeni kikao kabla ya uchungu

Mimba ikifika mwezi wa 8, wakae wanaohusika: binti, atakayemlea, na mume au aliyempa mimba kama yupo. Kila jambo litajwe na mtu wake. Nani atakwenda naye hospitali na nani atabaki na nyumba. Dereva gani wa bajaji anapokea simu saa 8 za usiku. Akiba ya dharura iko kwa nani, na huyo asisafiri mwezi ule. Nani yuko tayari kuchangia damu ikihitajika. Muulizeni muuguzi wa kliniki vifaa vya kwenda navyo. Kwa sera ya serikali huduma za uzazi katika vituo vya umma hazilipiwi, lakini kanga safi, pedi, sabuni na nguo za mtoto ni juu yenu.

Jambo zito kuliko yote katika kikao ni ruhusa. Mama anatokwa na damu nyingi, watu wanamtafuta baba mtoto, naye ni mvuvi wa Sahare, yuko baharini, simu haipatikani, na hakuna anayethubutu kumwondoa mke wa mtu nyumbani usiku. Muda unaopotea hapo haurudi. Ruhusa itolewe siku ya kikao, mbele ya wote: hali ikibadilika, yeyote aliye naye ampeleke, kuulizana baadaye.

Andikeni 115 ukutani kwa chaki. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua mpaka siku ya 42, na kwa mtoto mchanga mpaka siku ya 28. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Walio Tongoni, Kirare au vijiji vya Muheza, ambao hospitali ya mkoa ya Bombo kwao si mwendo wa dakika 10, waikariri kama namba ya mtu wa nyumbani.

Na binti aliye chini ya miaka 18 asipangiwe kuzalia nyumbani, hata kama bibi ni mkunga hodari aliyezalisha mtaa mzima. Kifafa cha mimba, uchungu unaokawia na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo huwapata mabinti zaidi kuliko wanawake waliokomaa. Ukunga wa bibi utahitajika sana, ila baadaye, kwenye arobaini.

Hatua ya 2: Titi ndani ya saa ya kwanza

Mtoto akishatoka na kulia, akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili. Aanze kunyonya ndani ya saa 1. Kuoga kunaweza kusubiri saa 24. Anayeogeshwa mapema hupoteza joto haraka, hata kwenye mji wenye joto kama wetu.

Kinachotoka siku za mwanzo ni dang'a: mazito, ya manjano, machache. Uchache wake ndio unaowatisha wazee. Bibi anakamua, anaona tone, anasema maziwa hayajaingia, mleteeni mtoto glukosi. Tumbo la mtoto wa siku 1 ni dogo mno na matone hayo yanamtosha, tena yamejaa kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya 2 na ya 4, na kinachoyaita ni kunyonywa. Mtoto aliyeshibishwa maji ya sukari hanyonyi, titi lisiponyonywa halitengenezi, na siku ya 4 watu wanasema "si tulisema hana maziwa?"

Mpaka miezi 6 itimie, maziwa ya mama peke yake. Maji hapana, hata Januari kaskazi ikivuma na kila mtu anajipepea, kwa sababu karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Akilia kwa kiu mpe titi. Dawa ya mchango hapana, uji mwepesi hapana. Asali hapana kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mchanga hauwezi kupambana navyo. Dawa alizoandikiwa na daktari ni sawa. Wanaomgusisha tende kwenye kaakaa kwa kufuata sunna, iwe ni kugusa kweli, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, na mguso huo usigeuke mlo.

Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ananyonyesha pia, maziwa ya kwake tu kwa miezi 6 kama wengine. Sharti ni kumeza dawa zake bila kuruka, mtoto apewe dawa yake ya kinga kama alivyoandikiwa, na apelekwe kupimwa akiwa na wiki 6. Kumchanganyia maziwa na vyakula vingine mapema kunamwongezea hatari. Kama bibi hajui hali yake, si lazima ajue; inatosha bibi akubali kwamba katika nyumba hii mtoto hapewi kitu kingine.

Hatua ya 3: Kumweka mtoto titini

Hapa ndipo mkono wa mzee unapofaa kuliko maneno ya karatasi. Mwanangu, kaa umeegemea, mgongo umeshikwa na mto. Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto, maana ukiinama mgongo utakuuma kabla wiki haijaisha. Tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na kiwiliwili vinyooke. Mgusishe chuchu kwenye mdomo wa juu, subiri apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mvute kwa haraka. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake.

Akinyonya chuchu pekee utaumia, itachanika, na yeye hatashiba. Maumivu yakiendelea baada ya sekunde chache za mwanzo, ingiza kidole chako safi pembeni mwa kinywa chake, mtoe, anza upya. Kuna wanaoambiwa kuwa kuumia ndiyo uzazi wenyewe. Siyo.

Anyonye kila anapotaka, mchana na usiku, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mtoto mdogo sana au anayelala kupita kiasi aamshwe kila baada ya saa 3. Kipimo cha kushiba hakipo kwenye kulia, kwani watoto hulia kwa sababu nyingi. Kipo kwenye nepi. Kuanzia siku ya 5 akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na choo kikawa kimetoka weusi kikaingia manjano, maziwa yanatosha, mwache bibi aseme asemavyo. Atapungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha ataurudia ule wa kuzaliwa kabla ya wiki 2 hivi kwisha.

Titi likijaa na kuwa gumu, weka kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha, kamua kidogo ili lilainike, kisha mpe. Baada ya hapo weka kitambaa cha baridi. Likiwa jekundu sehemu moja, linauma, na wewe una homa, nenda kituoni siku hiyohiyo, lakini usiache kunyonyesha titi hilo. Likiachwa limejaa ndipo linapotunga usaha.

Hatua ya 4: Kitovu, joto na manjano

Kitovu kisipakwe kitu. Si majivu, si mafuta ya nazi, si mate, si unga wa dawa uliotoka kwa jirani. Kiachwe wazi, nepi ifungwe chini yake, kikichafuka kioshwe kwa maji safi na kukaushwa. Kama kituo kimewapa dawa maalumu ya kitovu, tumieni hiyo kama mlivyoelekezwa. Hukatika chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15. Kikitoa usaha, kikinuka, au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, kituoni.

Kuhusu joto, hapa Tanga tuna kosa la pande zote mbili: mtoto analowa baada ya kuogeshwa na upepo wa bahari unamfikia, au amefungwa shali 3 mchana wa kiangazi mpaka ana vipele shingoni. Mguse tumbo na nyayo. Tumbo na nyayo vikiwa vya baridi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Akiwa anachemka na nguo ni nyingi, punguza nguo kwanza, mpime tena baada ya muda mfupi. Akibaki na moto hiyo ni homa, na homa ya mchanga ni ya hospitali. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 akae kifuani kwa mama muda mrefu kadiri inavyowezekana, na mama akichoka, bibi au baba ashike zamu. Baba pia ana kifua.

Manjano yakionekana siku ya kwanza, au wakati wowote yakifika viganjani na kwenye nyayo, msikae kumuotesha jua mkitumaini. Mpelekeni.

Wanja wa macho, moshi wa ubani chumbani na kubusiwa mdomoni na kila mgeni viachwe. Wageni wanawe mikono. Najua ni vigumu kumwambia shangazi aliyetoka Pangani kwa basi akanawe; wekeni ndoo na sabuni mlangoni, ataona mwenyewe.

Hatua ya 5: Kliniki haivunji arobaini

Nimeshasikia mara nyingi: "Mzazi hatoki mpaka arobaini." Kukaa ndani kuna hekima kubwa. Mama anapumzika, anapikiwa, mtoto hapitishwi kwenye vikohozi vya watu, na binti asiyejua kitu anakaa siku 40 na mtu mzima pembeni yake. Wauguzi wa nchi zenye pesa wangetamani wagonjwa wao wapate hata nusu ya hayo. Tatizo liko kwenye jambo moja tu: hatari nyingi za mama na mtoto zimo ndani ya siku hizohizo, na nyingi zimo ndani ya wiki ya kwanza.

Hukumu za nifasi, yaani damu ya uzazi, zinahusu sala, saumu na tendo la ndoa. Hazimzuii mtu kwenda kwa daktari. Bibi anayeshika dini atalielewa hili haraka kuliko anayeshika mazoea, na ikibidi aulizwe shehe wa mtaa.

Baada ya kujifungua salama, msikimbilie kuondoka kabla ya saa 24. Kisha mama na mtoto waangaliwe ndani ya wiki ya kwanza, tena karibu na siku ya 28, na tena siku ya 42. Tarehe zenu kamili ni zile zilizoandikwa kwenye kadi. Akika kwa kawaida ni siku ya 7, na siku hiyo nyumba inajaa masufuria, hivyo nendeni kliniki siku moja kabla. Kama mtoto ananyolewa, wembe uwe mpya, wa kwake peke yake.

Nendeni wote wawili, binti na anayemlea. Bibi aingie chumbani kwa muuguzi. Akisikia kwa masikio yake kwamba kitovu hakipakwi majivu, hatahitaji kusikia kwa mjukuu. Lakini kwa dakika chache muuguzi abaki na binti peke yake, maana yapo maswali ambayo hayaulizwi mbele ya mkwe wala mbele ya mama mzazi.

Chanjo: kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa. Kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua na rubela ni miezi 9 na tena miezi 18. Wiki ya 6 ndiyo siku ya 42, siku 2 tu baada ya arobaini kutimia, kwa hiyo hata nyumba yenye msimamo mkali kuliko zote haina sababu ya kuikosa. Mtoto anaweza kupata joto kidogo usiku ule. Ni kawaida, anyonye zaidi.

Chandarua ulichopewa kliniki ukiwa mjamzito ni chako na mtoto. Kisigeuzwe pazia wala wavu wa dagaa. Tanga ni mji wa mbu.

Hatua ya 6: Maji ya moto, mkanda na sahani

Kukandwa kunapoza mwili na kunampa mama faraja ya kushikwa. Kuendelee, kwa masharti. Maji yawe ambayo mkono wako wewe unayekanda unayavumilia bila kuruka. Yasimwagiwe wala kurushwa kwenye njia ya uzazi, yasikandwe juu ya mshono wa upasuaji. Tumbo lisiminywe kwa nguvu "kutoa damu chafu". Damu itatoka yenyewe. Mkanda wa kanga usikaze mpaka mama ashindwe kuvuta pumzi. Mwenye nyuzi ajisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu kila akitoka msalani, ajikaushe kwa kugusisha kitambaa, abadilishe pedi mara kwa mara. Akitumia vipande vya kanga, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Kuvificha chini ya godoro vikauke kwa aibu ni kukaribisha ugonjwa.

Damu huwa nyekundu siku 3 au 4 za mwanzo, ikageuka ya kahawia, kisha uteute mweupe wa njano, ikaisha kati ya wiki 4 na 6. Harufu mbaya si sehemu ya uzazi.

Sahani sasa. Uji wa pilipili manga ni mzuri, unywe. Supu ya pweza kuleta maziwa? Pweza ana protini nzuri na mchuzi ni maji, hivyo hauna hasara, ila bei yake siku hizi inatosha kununua dagaa wa wiki nzima, na dagaa wana madini ya chuma na chokaa. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya alichokula akiwa mjamzito, karibu mlo 1 wa ziada kwa siku. Mbaazi za nazi, maharage, kisamvu, matembele, mchicha, samaki, yai. Pembeni chungwa la Muheza, kwa sababu vitamini C iliyo ndani yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo inywewe saa 1 au 2 baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa umalize. Binti wa miaka 16 mwenyewe bado anakua na mwili wake unagawana damu na maziwa. Miiko ya kumnyima mzazi mayai au samaki fulani ifutwe kwenye nyumba yenu.

Ramadhani ikikukuta unanyonyesha, ruhusa ya kufungua ipo, utalipa baadaye.

Hatua ya 7: Dalili za kuondoka nazo mbio

Hizi zikaririwe na mtu zaidi ya mmoja, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

Kwa mama: pedi au kipande cha kanga kinalowa chote ndani ya saa 1, au mabonge makubwa yanatoka, au anazimia. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au maumivu makali chini ya mbavu. Kutetemeka na kukakamaa. Homa. Damu inayonuka. Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye misuli ya nyuma. Anapumua kwa shida.

Ningependa kukaa kidogo kwenye kichwa na macho. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kujifungua, hata kama mimba nzima ilikwenda vizuri. Pwani yetu mtu akikakamaa, wa kwanza kuitwa ni mganga, na ubani unawashwa. Wanaoamini majini wayasomee baadaye, mama akiwa kitandani hospitali na dawa ya kuzuia degedege iko mwilini. Wakati akitetemeka mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, pigeni 115, na msimwache peke yake njiani.

Kwa mtoto: ameacha kunyonya au ananyonya kwa uvivu kuliko jana. Anapumua haraka, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, hesabu kwa saa ya simu akiwa ametulia. Au kifua kinabonyea ndani. Mwili wa moto au wa baridi usiopata joto kifuani. Amelegea, haamki vizuri. Degedege. Mtoto mchanga haugui polepole, anaweza kuwa mzima asubuhi na kuzidiwa jioni, kwa hiyo hakuna "tuone mpaka kesho".

Hatua ya 8: Machozi ya mama

Siku ya 3 au ya 4 binti anaweza kulia bila sababu. Homoni zimeshuka, usingizi hakuna, maziwa yamejaa. Hupita ndani ya wiki 2. Mchukulieni mtoto ili yeye alale kwa saa 2, msimwambie hana shukrani. Machozi yakizidi wiki 2, au hataki kula, hajali mtoto, anajiona hana thamani, huo ni ugonjwa wenye tiba na muuguzi aambiwe. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au anasikia sauti, asiachwe peke yake hata dakika, apelekwe siku ileile.

Aliyezaa bila ndoa hulia zaidi, na mara nyingi kwa sababu ya maneno ya nyumbani. Mama mwenye nyumba, kama una ya kumwambia kuhusu mimba ile, yaache mpaka arobaini ipite. Ukifika huko huenda hutakuwa nayo tena.

Hatua ya 9: Kumbemenda, na mimba ya pili

Wazee wanasema wazazi wakikutana wakati mtoto ananyonya, wanambemenda: anadhoofu, anaharisha, hatembei. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa, hilo liko wazi. Lakini wazee hawakulitunga bure. Walichokiona ni mama aliyeshika mimba nyingine mapema, akamwachisha mtoto titi kwa ghafla, mtoto akabaki na uji mtupu akapata utapiamlo. Dawa ya kumbemenda basi ni nafasi kati ya mimba na mimba: angalau miaka 2 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Elezeni hivyo na bibi atakuwa mtetezi mkubwa wa uzazi wa mpango kuliko muuguzi.

Tendo la ndoa lisubiri arobaini, kidonda kipone na damu ikatike. Mimba inaweza kuingia kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo "sijaona siku zangu" si kinga. Kunyonyesha kunazuia pale tu mambo 3 yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Kimoja kikikosekana, umekosa vyote.

Kijiti na kitanzi vinaweza kuwekwa mapema hata kabla ya kutoka hospitali, kwa hiyo viulizieni tangu mimba. Sindano ya miezi 3 kwa anayenyonyesha kwa kawaida huanza wiki ya 6. Vidonge viko vya aina 2: vyenye homoni moja vinamfaa anayenyonyesha, vyenye homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa na havishauriwi kabla ya miezi 6. Usiazime kwa shoga yako. Kondomu peke yake ndiyo inayokinga mimba na magonjwa pia. Hakuna kati ya hizi inayomharibu kizazi binti asiyezaa zaidi ya mara moja. Kwa sindano uzazi unaweza kukawia kurudi miezi kadhaa, na muuguzi akueleze hilo kabla.

Hatua ya 10: Kurudi shule

Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyeacha shule kwa mimba kurudi katika shule ya kawaida. Mzazi au mlezi aende kwa mkuu wa shule mapema, asisubiri mtoto atembee. Asiyetaka kurudi alikochekwa anaweza kuomba shule nyingine, au kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Maziwa hayazuii masomo. Kamua kwa mkono ulioosha, kwenye chombo kilichochemshwa chenye mfuniko. Kwenye chumba chenye ubaridi yanakaa saa 4. Kwa joto la hapa yatumike kabla ya hapo, au yawekwe kwenye friji, yakae mpaka siku 4. Bibi ampe kwa kikombe kidogo. Chupa za chuchu ni ngumu kusafisha na ndizo zinazoleta kuhara. Ukirudi jioni, titi.

Kama binti yuko chini ya miaka 18 na aliyempa mimba ni mtu mzima, kuna kosa la jinai hapo, hata kama familia mbili zimeshakunywa chai. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na namba ya bure ya simu ya mtoto ni 116.

Hatua ya 11: Wadogo zake wamo chumbani

Katika arobaini hiyo kuna mdogo wa miaka 12 anayeingiza na kutoa ndoo, naye anasikiliza kila kitu. Zamani angekuwa na somo wake wa kumweka chini akivunja ungo. Wengi siku hizi hawana, au somo wao ni simu. Mtu mzima wa nyumba hiyo achukue nafasi hiyo, wakiwa wanachambua mchele, si kwa hotuba.

Ajue kwamba hedhi si ugonjwa wala uchafu, kwamba miaka ya mwanzo inaweza kuja kila baada ya siku 21 hadi 45 bila mpangilio, na kwamba akilowesha pedi kila saa au ikazidi siku 7 aseme. Ajue kubadilisha pedi kila baada ya saa 4 hadi 6, na kuanika vitambaa juani kama vya dada yake. Ajue kwamba mimba inaweza kuingia mara ya kwanza kabisa, hata kwa msichana ambaye hajaona damu bado, na kwamba mtu mzima anayempa vocha na chipsi ana jambo analolitafuta. Aambiwe atakwenda kwa nani akiguswa asipotaka kuguswa, na huyo mtu awe anajua kwamba ametajwa. Kaka yake aitwe pia. Hakuna mimba iliyoingia bila mvulana, na hakuna anayemfundisha.

Kisha muulizeni kama ameshachanjwa kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa kwa mabinti mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi 1 tu, kwa wenye miaka 9 hadi 14, shuleni au kituoni, bila malipo. Wapo wanaosema inafunga kizazi. Haifungi, inazuia kirusi kinacholeta saratani, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajaanza mahusiano. Kama aliikosa shuleni, siku mnapompeleka mtoto kwenye chanjo ya wiki ya 6, mchukueni na yeye.